Mhusika Asiye na Kitanda

Mimi nauza mabati, saruji na misumari pale Awendo. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa pia mwandishi, ingawa wateja wangu hawajui, na wakijua watadai bei ipunguzwe. Jumapili ya mwisho ya mwezi nafunga duka na kushika njia ya Homa Bay, kwenye kikundi chetu cha uandishi. Tulichagua Jumapili alasiri kwa sababu Wasabato hawawezi Jumamosi na Wakatoliki hawawezi Jumapili asubuhi, na hiyo alasiri ndiyo Mungu aliyotuachia sisi wengine wote. Tunakutana katika darasa la chekechea. Viti ni vya watoto wadogo, vimepakwa rangi ya njano na kijani, na mtu mwenye makalio kama yangu akishakaa pale husahau majivuno yake yote. Nashuku mwalimu wetu alilichagua darasa hilo kwa makusudi.

Mwalimu wetu ni mwanamke kijana anayefundisha fasihi katika shule moja ya upili mjini. Wazazi wake ni Wajaluo lakini yeye alilelewa Nairobi, na Kijaluo chake kina matundu mengi kuliko wavu. Hapendi mihadhara, anapenda mazoezi. Husema kwamba mhusika hajulikani kwa kuwaziwa bali kwa kuulizwa maswali, na kila tunapokutana hutuletea swali jipya. Mhusika wako ana nini mfukoni? Anadanganya juu ya nini? Akiudhika, mikono yake hufanya nini? Unaandika hapo hapo kwa dakika chache, kisha unasoma kwa sauti mbele ya watu wazima waliokunja magoti hadi kidevuni.

Hadithi yangu ilimhusu mjane mzee anayelima mahindi katika bonde la Lambwe, karibu na mbuga, ambaye watoto wake wanataka ahamie mjini naye hataki. Kila mtu kikundini alijua kwamba huyo ni mama mkwe wangu. Sikuwa nimeficha. Nilikuwa nimebadilisha tu rangi ya ng'ombe wake.

Sababu ya kumwandika yeye ilikuwa hii. Kwetu, mwanamume na mama mzazi wa mke wake ni heshima tupu. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, mimi sikanyagi mahali anapolala wala yeye hawezi kulala kwangu. Nikifika kwake Lambwe, nakaa sebuleni na wanaume, yeye anakuja hadi mlangoni, anageuka upande kidogo, ananisalimu, anauliza kama watoto hawajambo na kama mvua imenyesha Awendo, kisha huyo anarudi jikoni. Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa mdogo. Huyu ndiye mama niliyebaki naye duniani, na katika miaka yote ya ndoa yangu nilichokijua zaidi kumhusu ni sauti ya sufuria zake nyuma ya ukuta.

Baba mkwe alipofariki, sisi wakwe tulisimama mmoja mmoja kumzungumzia marehemu, na sote tukasema alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, nguzo ya familia. Maneno yale ungeweza kuyasema juu ya mtu yeyote kuanzia Isebania hadi Mbita. Mama mkwe alikuwa ameketi pale mbele akitusikiliza, na uso wake haukusema kitu. Nilirudi Awendo na hofu moja moyoni, kwamba siku yake ikifika nitasimama tena na kusema yale yale. Nilitaka kumjua akiwa hai. Na kwa kuwa desturi haikunipa nafasi ya kumuuliza, niliona heri nimtengeneze kwenye karatasi, labda nitamkuta huko.

Basi, Jumapili moja mwalimu akaandika ubaoni: chini ya kitanda cha mhusika wako kuna nini?

Wenzangu wakainama kuandika. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza samaki sokoni na anayeandika hadithi za mapenzi za kutoa watu jasho, aliandika kama anayekimbizwa. Mimi nilikaa. Kalamu ilifika kwenye mlango wa chumba cha yule mjane, ikabisha hodi, ikakataa kuingia. Nilijaribu tena. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na sentensi moja tu, nikaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma Injili.

"Chini ya kitanda chake pana usafi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama samaki alicheka hadi kiti kikamwacha.

"Usafi!" alisema akiwa bado sakafuni. "Jameni, huyu si mtu. Huyu ni picha ya kalenda."

Mwalimu alijizuia. "Haya, tujaribu lingine," aliniambia. "Akiwa peke yake nyumbani, anakula nini?"

Nilifikiria. "Chakula," nikajibu.

Hapo hata mwalimu alishindwa. Mimi nilianza kukasirika, maana hasira zangu haziko mbali, na nikawauliza wanacheka nini. Wao wangeweza kumwangalia mama mkwe wao akitafuna? Wangeweza kupiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda chake?

"Lakini huyu umembuni wewe," mwalimu alisema kwa upole.

"Nimembuni, ndiyo. Lakini nimembuni akiwa mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani? Ndani ya hadithi hana hata mkwe."

"Wangu!"

Mwalimu akatazama huku na huku akitafuta msaada. Alidhani mama samaki atakuwa upande wake, lakini mama samaki alikuwa amekwisha kuinuka na kufuta machozi, na sura yake sasa ilikuwa ya mtu aliyeombwa kuamua kesi. "Mwalimu, hapo uniwie radhi," alisema. "Maro ni maro, hata awe wa karatasi." Maro ndilo neno letu la mama mkwe. Wazee wawili watatu wa kikundi wakatikisa vichwa kukubali, na tukapoteza alasiri yote tukijadili kama mtu anaweza kumkosea heshima mwanamke ambaye hayupo. Hatukuafikiana. Mwalimu alinipa mwezi mzima nimtafutie yule mjane kitanda.

Nilijaribu kila hila. Nilimhamisha Lambwe nikampeleka Rodi Kopany, nikamfungulia kibanda cha nguo kuukuu. Nikamrefusha. Nikampa meno ya mbele yenye mwanya, ambayo mama mkwe hana. Haikusaidia. Akiwa kibandani alichangamka kidogo, lakini akianza tu kuelekea nyumbani kupumzika, mimi nabaki nje uani nimeshika kofia mkononi. Mke wangu alinikuta nimekaa dukani nikitazama mabati.

"Hadithi imekataa?" aliuliza.

Nikamweleza. Alisimama akinisikiliza kwa makini, kisha akashika meza ya kaunta kwa mikono miwili na kucheka mpaka mteja mmoja aliyekuja kununua bawaba akadhani analia. Na kabla sijamkataza, akatoa simu na kumpigia mama yake.

Nilitoka nje mbio. Nilisimama kando ya barabara malori ya miwa yakipita, nikitamani moja linichukue. Mwanamke yule angenionaje? Mkwe aliyekaa na watu Homa Bay kujadili kitanda chake! Niliona ndoa yangu ikivunjika na ng'ombe wa mahari wakirudishwa.

Mke wangu alitoka baada ya muda mrefu, uso unang'aa.

"Mama anasema swali ni zuri," alisema. "Anasema wewe huwezi kuuliza habari zake, na yeye hawezi kukujibu. Lakini huyo mwanamke wako wa hadithi si yeye. Habari za huyo anaweza kukuambia, kupitia kwangu."

"Amemjuaje?"

"Ndivyo nilivyomuuliza. Akaniambia, wewe andika tu."

Nilirudi ndani nikachukua kalamu. Chini ya kitanda cha yule mwanamke, alisema mama mkwe, kuna viatu vyekundu vya visigino virefu. Alivinunua Homa Bay siku moja baada ya kuuza njugu, akavificha ndani ya gunia, na hajawahi kuvivaa mbele ya watu. Huvivaa mvua kubwa ikinyesha. Mvua ikipiga mabati hakuna anayesikia visigino sakafuni, basi hutembea nyumbani kutoka ukuta hadi ukuta, mikono kiunoni, mpaka mvua ikate.

Mabati yenyewe ya nyumba ile niliyapeleka mimi.

Na akiwa peke yake, mke wangu aliendelea, anakula firigisi. Hapo ilibidi niweke kalamu chini. Firigisi ya kuku, kwa wale wasiokaa huku kwetu, ni ya mwanamume. Mwenye nyumba akipakuliwa kuku bila firigisi, kikao kitaitishwa. Yule mwanamke, alisema mama mkwe, huila jikoni ikiwa bado ya moto, akiwa amesimama, kisha hupeleka kuku sebuleni na kuwaambia wanaume kwamba kuku wa upande ule wa bonde siku hizi wana firigisi ndogo sana, huyeyuka kwenye mchuzi. Nao huamini.

"Huyo ni wa hadithi," nilisema.

"Ni wa hadithi," mke wangu alikubali, akiangalia pembeni.

Nilikaa nikihesabu kuku wote niliowahi kula Lambwe tangu nilipooa. Kuku wa sikukuu, kuku wa kukaribishwa, kuku wa kuagwa. Mbawa nimekula, paja nimekula, shingo nimekula. Firigisi sikumbuki. Na nakumbuka vizuri sana shemeji yangu mmoja akinieleza, kwa uso mkavu wa mtu msomi, kwamba ni kwa sababu ya udongo.

Basi mwezi huo ulikuwa wa raha ambayo sijawahi kuipata katika uandishi. Kila jioni baada ya kufunga duka nilimwachia mke wangu maswali, naye aliyapeleka kwa simu, na majibu yakarudi na chumvi juu yake. Yule mwanamke wa hadithi alikuwa akifukuza nyani shambani kwa kuwatukana mmoja mmoja, na kila nyani alikuwa amempa jina la shemeji yake. Kanisani, alikuwa akiimba sauti ya wanaume, ile nzito, kwa sababu ile nyembamba ilimchosha. Aliwahi kuposwa na watu wawili siku moja, akamchagua mwenye baiskeli mbovu kwa sababu ingemlazimu kutembea naye kwa miguu. Nikisikia hayo nilikuwa nacheka peke yangu kati ya mifuko ya saruji. Sikujua lipi ni la kweli na lipi la kubuni, na nilipomuuliza mke wangu alisema hata yeye mengine ndiyo kwanza anayasikia.

Jumapili ilipofika nilisoma kurasa zangu nimesimama, maana kiti kile kisingeweza kubeba furaha yangu. Nilipomaliza palikuwa na kelele. Mama samaki alitaka kujua viatu vile ni namba ngapi. Mwalimu alikuwa amefumba macho akitabasamu. "Ameamka," alisema. "Sasa mwezi ujao ni kiti cha mhusika."

Zoezi la kiti cha mhusika ni hivi: mwandishi anakaa mbele, anajibu maswali ya wenzake kwa kinywa cha mhusika wake, kana kwamba ndiye. Mama samaki alikuwa amelifanya na binti wa hadithi yake akatutoa machozi. Mimi nilimwambia mwalimu pale pale kwamba haiwezekani. Kumwandika nimemwandika. Lakini kukaa kwenye kiti cha mama mkwe, na kusema "mimi" nikimaanisha yeye? Hapana. Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi nani atakaa?"

Swali hilo nililipeleka nyumbani. Jibu alilitoa mke wangu, ambaye jibu kwake si shida. Mama yake alikuwa na siku ya kupimwa macho Homa Bay wiki ile ile ya mkutano wetu, na angeweza kulala kwa binti yake mwingine anayeishi mjini, kisha Jumapili aje amkalie mwanamke wa hadithi kitini. Alikuwa tayari amemuuliza. Naye mama tayari amekubali. Alikuwa ameuliza jambo moja tu, kama kitakuwepo kitambaa cha kuweka juu ya kiti.

Sikulala vizuri wiki hiyo, nasema ukweli. Jumapili hiyo nilifika darasani mapema nikajitafutia mahali nyuma kabisa, karibu na dirisha, ubavu nikiupa ukuta, watu wote wakiwa kati yangu na mbele. Mama samaki mwenyewe alikuja kupima umbali kwa macho, akasema unatosha.

Mama mkwe aliingia akiwa ameshikwa mkono na mke wangu. Alivaa gauni la kanisani na kilemba cheupe, na miwani mipya iliyokuwa bado inamtisha, maana alikuwa anakanyaga sakafu kama anayevuka mto. Akatazama kile kiti cha njano cha mtoto. Akakitandika kitambaa, akakaa juu yake, akaweka mikono magotini, na ghafla kikawa kiti cha chifu.

"Karibu, mama," mwalimu alianza. "Tunashukuru sana kwamba mama ya..."

"Mimi si mama ya mtu hapa," alimkata. "Mimi ni yule wa karatasi. Uliza swali."

Wakauliza. Ningeweza kujaza kitabu kingine kwa majibu aliyotoa. Mama samaki aliuliza kama anatamani kuolewa tena, akajibu kwamba bwana apatikane kwanza ambaye hali kuku. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini hataki kuhamia mjini kwa watoto wake. "Kule mjini," alisema, "nikiamka kila kitu kishafanywa. Watu wanakimbia wananiambia, mama keti, mama keti. Mimi nikiketi sana, nitaanza kufa makalio kwanza." Watu walipiga viti. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja, machozi yakinitiririka, nikimsikia kwa mara ya kwanza akicheka bila ukuta katikati. Kicheko chake ni kikubwa. Kinaanza chini kabisa, kwenye ile sauti ya wanaume.

Kisha mwalimu akasema mwandishi ndiye anayefunga zoezi. Kila mwandishi lazima amuulize mhusika wake swali moja.

Hata wale waliokuwa wanacheka walijua kwamba mkwe na maro hawaulizani hivyo. Nilisimama polepole nikatazama ubao wa alfabeti uliokuwa ukutani, mahali palipo na picha ya bata, kwa sababu kumtazama yeye sikuweza. Yeye pia aligeuka upande kidogo, kama anavyofanya mlangoni kwake. Maswali niliyokuwa nimeyaandaa wiki nzima yaliniruka yote. Lililobaki lilitoka lenyewe.

"Mama," nilisema, "je, una mkwe?"

Alivua ile miwani mipya, akaishika mapajani.

"Niko nao, lakini kuna mmoja," alisema. "Huyo ni mtu ya vitabu. Akikuja kwangu anakaa wima kama mtu ako mbele ya jaji. Anamaliza chakula yote na haombi maji, ndiyo asinisumbue. Wakati mzee wangu alikuwa mgonjwa, yeye ndiye alikuwa anatuma dawa na anaambia binti yangu aseme imetoka kwa kanisa. Alidhani sijui." Alitengeneza kitambaa chini yake. "Nampenda huyo kijana. Nampenda kama hawa nimezaa. Lakini mimi na yeye hatuongeagi, hiyo ni sheria yetu, na mimi siivunji."

Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa leso. Mimi nilimtazama yule bata wa ukutani mpaka akawa ukungu mtupu.

"Sawa, mama," nilisema. "Nikimwona nitamwambia."

"Mwambie," alijibu. "Na yeye akikupa jibu, uniletee haraka. Mimi si kijana tena."

"Jibu ninalo tayari, mama. Alinipa nije nalo. Anasema, hata yeye, kama mama aliyemzaa."